Vyuma Vilivyokatika Visiuzwe

Leo saa tatu asubuhi chuo chetu kimefungua darasa la kwanza la shahada ya uzamili ya uhandisi wa nyenzo, na mwalimu wake ni dada yenu. Sikilizeni, wanangu. Nimeishi kuiona siku hii, basi niacheni niseme yote.

Banda la nyuma lina vyuma vilivyokatika mia nne na sita, kila kimoja na karatasi yake: kilitoka wapi, kilikatika lini, kilibeba nini. Wewe, kifungua mimba wangu, miaka yote umeniambia, "Baba, hizo ni skrepa, tuuze tupumue," nami nikakuacha useme, maana usilolijua ni usiku wa giza. Wakaguzi walilikataa mara mbili ombi la chuo la kuanzisha shahada hii, wakisema hakina vya kufundishia. Mara ya tatu dada yenu aliwaingiza bandani, wakakaa humo mpaka chai ikapoa, wakatoka wamekubali. Tumeshinda kwa skrepa. Banda hilo si urithi wenu, ni la darasa.

Kulabu ya winchi iliyo rafu ya juu ndiyo somo la kwanza. Miaka ishirini na tisa iliyopita ilikatika, mzigo ukaanguka, nami, mchunguzi wa vyuma, nikaletewa vipande viwili niseme kosa ni la nani. Kwa pupa ya ujana nikavikutanisha nione kama vinashikana, nikavisugua, nikaifuta kutu iliyoonyesha kwamba ufa ulikuwamo siku nyingi kabla. Niliiona ile kutu, wanangu, kisha nikaogopa kusema nimeifuta. Mwendesha winchi akalaumiwa kuzidisha mzigo, akafukuzwa kazi, na kila tulipokutana njiani aliniuliza, "Hujambo, bwana shahidi? Vyuma vinasemaje leo?"

Wiki iliyopita nilimwita, nikaungama mbele ya mama yenu. Yule mwendesha winchi akasema, "Wafundishe hivyohivyo ilivyokuwa, na kosa liwe na jina lako." Nikakubali. Leo dada yenu amewasomea wanafunzi barua yangu ya kuungama, na mzee huyo ameketi mstari wa mbele.

Funguo ninazo chini ya mto, mpeni dada yenu. Mama yenu asihamishwe nyumba hii. Msinigombanie... inueni mto kidogo. Hapo. Mungu awape mikono isiyo na haraka, na ndimi zisizoogopa. Nimeridhika nanyi. Nyote.

Dada yenu amenipigia simu saa saba. Walioandikishwa ni kumi na wawili. Wamehudhuria kumi na wawili.