Sauti ya Kasa na Hodi Isiyopigwa

Enyi jamaa, sogeeni. Nyoosheni safu, jazeni mapengo, aliye nyuma asione haya kuja mbele, na mwenye kikombe mkononi akiweke chini kwanza. Masikio hatukupewa yawe mapambo ya kichwa. Neno hili ni la watu wa barazani, na ni nani kati yetu asiye na baraza lake?

Palikuwa na kijiwe Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, katika miaka ile ya ruksa, mitumba ilipofurika sokoni na stesheni mpya za redio zikachipuka kama uyoga baada ya masika. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao, limeegemezwa ukuta wa ubavuni wa nyumba ya Mwamvita, muuza vitumbua, na mbele yake jiko la mkaa na birika la Mzee Marijani, muuza kahawa. Kila jioni waliketi hapo watu watatu. Wa kwanza Mashaka, fundi redio, ambaye wote walimwita Kanda. Wa pili Fransis, mtu wa bara aliyeimba besi kanisani, naye akiitwa Kwaya. Wa tatu Salumu, kijana mpole aliyechora katuni za gazeti la watoto, naye wakimwita Wino. Kalamu yake ilizaa viumbe watatu: Kasa Kombo mwenye gamba lililopinda, Shangazi Korongo mwenye miwani, na Pweza Karani mwenye kalamu nane. Watoto wa Temeke walivikata viumbe hivyo gazetini na kuvibandika ukutani kama picha za ndugu zao.

Na nyuma ya ukuta ule ule, chumbani penye dirisha dogo juu ya benchi, alilala Raudha, binti wa Mwamvita, umri wake miaka minane. Jiko la mafuta lilimwunguza nyuma ya goti. Kidonda kilifunga, lakini ngozi ikawa inajikunja na kuuvuta mguu, na hospitali wakasema atahitaji kupasuliwa. Ndipo benchi likaazimia jambo: utungwe wimbo wa huruma, waimbe Kasa, Korongo na Pweza, itolewe kanda, iuzwe, mtoto apate matibabu. Nia ilikuwa njema, na Mola haidharau nia. Lakini nia ni mbegu, na mbegu ya mfukoni haijampikia mtu ugali.

— Tatizo letu moja tu, alisema Kanda jioni hiyo. Kasa hana sauti. Miaka yote yumo gazetini, nani kamsikia? Sasa ataimba kwa sauti gani?

— Besi, alijibu Kwaya. Mnyama mzito, sauti nzito. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango. We tulia.

— Bwana wee, Kasa mtu wa pwani! Besi ya milimani kaitolea wapi? Yule mzaliwa wa Mafia. Anaongea kwa madaha, kila neno analivuta kama wavu.

— Mtu wa Mafia? Mbona Wino anamvalisha koti la sufu?

— Mtumba huo! Siku hizi ruksa, hata kasa anavaa.

Mzee Marijani alicheka hadi vikombe vikagongana mkononi.

— Wino, alisema Kanda, we ndo baba mtu. Amua.

— Mie namchora tu, alisema Salumu. Sauti yake sijapata kuisikia.

— Msikieni! Baba asiyeijua sauti ya mwanawe! Braza, hiyo ishu nzito.

Salumu alitabasamu, akainamia kikombe. Hakuudhika. Mtu aliyezoea kukaa peke yake na karatasi husisimka kuona kiumbe chake kikigombewa na watu wazima, kama urithi wa shamba la minazi. Kifua kilimjaa. Na kifua kikijaa, enyi jamaa, macho hupungua.

— Haya, tumuache Kasa, alisema Kwaya. Shangazi Korongo ataimba taarabu.

— Hapo sawa. Na Pweza?

— Pweza ana mikono minane. Apige gitaa, kinanda, zeze, tari na ngoma.

— Mikono ya kupiga ipo, masikio ya kusikiliza ana mangapi? Kikulacho ki nguoni mwako, Kwaya. Bendi nzima ataivuruga mtu mmoja.

Hapo juu yao ukasikika mluzi mwembamba, wa polepole, unapanda na kushuka kama mtu anayezikanyaga ngazi kwa tahadhari.

— Nani huyo? alifoka Kanda bila hata kuinua kichwa. Acha mluzi magharibi hii! Unaita nyoka!

Mluzi ukakatika.

— Sikieni, aliendelea, sauti yake ikipanda. Kanda ikitoka, mabasi ya mikoani yapitayo Ubungo yataipiga asubuhi hadi jioni. Abiria watalia toka Ubungo mpaka Chalinze.

— Tegeta huko wanaojenga majumba mapya watainunua mbilimbili.

— Halafu televisheni! Kasa atembee kwenye kioo, mshikaji, mguu mosi, mguu pili.

— Halafu Ulaya.

— Ulaya watatuma ndege. Na sura ya Kasa itawekwa kwenye stempu. Na mie nawaambia, siku ya uzinduzi, kasa wenyewe wa baharini watapanda ufukweni kusikiliza. Chanda chema huvikwa pete.

— Ndege ije, kasa waje, alisema Mzee Marijani, wimbo wenyewe una beti ngapi?

— Hauna bado, babu. Sauti ya Kasa ndo imetukwamisha. Ila haraka haraka haina baraka, kwa hiyo lazima turekodi wiki hii.

— Methali hiyo umeiua, mjukuu wangu. Izike.

Wakiwa katika kicheko hicho, gari dogo likasimama, akashuka Kumail, mwenye chumba cha kurekodia kule mjini. Mwamvita aliuza vitumbua mlangoni pa chumba hicho, na ndiye aliyemweleza habari ya kanda. Naye Kumail alikwisha ahidi kurekodi bure.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam! Mgeni njoo, mwenyeji apone! alipaza Kanda, akimfutia nafasi benchini.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa hiyo.

— Bwana Kumail, alisema Kanda, umekuja wakati wenyewe. Kila kitu tayari. Tumebakiza sauti ya Kasa tu. Huyu anasema besi, mie nasema...

— Hiyo tutaizungumza. Kwanza niambieni, leo zamu ya nani?

— Zamu ya nini? Kulipia kahawa?

— Ya kumtembeza mtoto.

Wakatazamana. Kumail akadhani hawakusikia, akaeleza kwa upole, maana hakuja kumtega mtu.

— Mama yake kaniambia daktari kataka mguu unyooshwe, mtoto atembezwe asubuhi na jioni, ashikwe na mtu mwenye nguvu. Ngozi ikishakaza, hata upasuaji hautafua dafu. Asubuhi anamtembeza mwenyewe kabla ya kutoka. Jioni huwa hajarudi, na bibi mikono haina nguvu. Lakini akanambia, “Nina bahati, wapo wanaume watatu wema ukutani kwangu, wanamtungia mwanangu wimbo.” Basi nikajua ndio nyie. Sasa leo zamu ya nani?

Swali lilikuwa jepesi, mtoto wa chekechea angelijibu. 

— Unajua, bwana Kumail, alianza Kanda, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitafuta pa kukanyaga. Nyumba haina mwanamume. Sie tutaingiaje? Heshima hiyo.

— Bibi hayumo?

— Yumo.

— Baraza la mbele halipo, akatembezwa hapo mbele ya watu?

— Lipo.

— Basi mlipiga hodi, mkanyimwa?

Hodi! Neno ambalo mtoto wa pwani hulijua kabla ya jina la babu yake. Neno lisilohitaji mashine, wala gitaa, wala ndege ya Ulaya. Tangu masika yaanze walikuwa wameuegemea ukuta ule, wakiupa joto la migongo yao, na hakuna hata mmoja aliyezunguka kona kulitamka.

Salumu alikumbuka. Siku Mwamvita alipotoka kuwaeleza habari ya upasuaji, alisema pia, “Na daktari kaniambia kwamba...” Hapo Kanda akapiga kelele, “Tutoe kanda!” Kwaya akaanza kuvumisha besi. Na yeye Salumu alikwisha toa penseli, anachora jalada la kanda, Kasa mbele, wenzake nyuma. Yule mama aliwatazama, akatabasamu, akarudi ndani na nusu ya maneno yake.

Mola ameiapia kalamu, enyi jamaa, kwa hiyo kalamu ni tukufu. Lakini ametuonya pia kwamba chukizo kubwa mbele zake ni mtu kusema asilolitenda. Na iko siku vinywa vitafungwa, hata vile vyenye besi, na mikono itazungumza, na miguu itatoa ushahidi. Siku hiyo mguu wa Raudha utasemaje juu ya benchi lile?

— Kwetu imeandikwa, alisema Kwaya taratibu, kwamba Bwana atasema, nilikuwa mgonjwa, hamkuja kunitazama.

— Na kwetu imepokewa vivyo hivyo, alisema Mzee Marijani. Msiniangalie kama hakimu, wajukuu zangu. Na mie birika langu limechemka chini ya dirisha lake.

Salumu aliinuka. Alizunguka kona, akasimama mlangoni, akavuta kola ya shati kana kwamba amekuja kuposa.

— Hodi! Hodi hapa!

— Karibu. Nani?

— Salumu, bibi. Shikamoo. Wa benchini.

— Marahaba, mwanangu, ilijibu sauti ya kizee. Kukusikia siku nyingi. Kukuona ndo leo. Pita.

Raudha alikuwa amelala mkekani, mguu umekunjwa, na ukuta mzima mbele yake ulikuwa Kasa: Kasa na mwavuli, Kasa sokoni, Kasa anakimbizwa na jogoo. Aliyatazama madoa meusi kwenye vidole vya Salumu.

— We ndo Wino?

— Ndiye mie.

— Nyote mmekosea.

— Tumekosea, alisema Salumu, akijua dhambi yake.

— Kasa haimbi. Anaona haya. Anapiga mluzi tu. Nimewaambia pale dirishani, yule mwingine akasema naita nyoka.

Salumu alichuchumaa. Maneno aliyoyaandaa yakampotea yote, akabaki na moja.

— Tutembee?

— Inauma.

— Sijui inavyouma. Nifundishe. Ukitaka tusimame, tutasimama.

Alimtoa hadi baraza la mbele, bibi akifuata na kigoda chake. Kwaya akaja mbio akamshika upande wa pili. Raudha akakaza meno, akaanza mluzi ule wa polepole. Ukipanda, wanapiga hatua. Ukikatika, wanasimama, wala hakuna aliyemharakisha. Machozi yalimtoka mtoto, na mluzi ukarudi juu ya machozi. Kanda alitangulia mbele, anasogeza kokoto mojamoja njiani kwa mguu wake, kimya, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza tangu kufungwa kwa duka la ushirika. Bwana Kumail aliuliza kwa kunong'ona kama alete mashine ya kurekodia kutoka garini.

— Kesho, alijibu Salumu, na hakuomba radhi. Leo shika kigoda cha bibi, apate kukaa.

Huku nyuma birika lilikauka motoni. Mwenyewe Mzee Marijani alikuwa kwenye kona ya baraza, anapiga makofi kufuata mwendo.

Mguu haukunyooka siku ile. Mguu haunyooki kwa jioni moja, na anayewaambia vinginevyo anawauzia kanda tupu. Lakini Mwamvita aliporudi na beseni lake kichwani, aliwakuta wanabishana tena, safari hii juu ya nani wa kesho na nani wa keshokutwa, na akasimama njiani akimaliza ile nusu ya maneno, nao wakamsikiliza hadi mwisho.

Basi wewe uliyesikia, usimcheke Kanda. Unao ukuta unaouegemea, na nyuma yake yumo mtu anayekupigia mluzi, nawe unadhani ni mpita njia. Imetosha kubishana juu ya sauti. Acha leo, si kesho. Inuka, zunguka kona, ufike mlangoni. Piga hodi.