Mashahidi Wanne na Lori Moja

Kiarie alikuwa amekunjwa kwenye buti ya Probox ya abiria iliyotoka Mau Narok kwenda Nakuru, magoti kidevuni, kwa hivyo ni masikio tu yaliyokuwa na nafasi. Mbele, dereva Kimaiyo alikuwa akibishana na mama mmoja mwenye kitambaa cheupe cha kanisa.

"Mathe, mimi siamini kitu sijaona. Huo ufufuo wa Yesu si uliambiwa tu?"

"Niliambiwa na walioona, wale wanne wa Injili."

"Na hata hawaelewani! Huyu anasema malaika mmoja, yule wawili."

"Gari ikianguka hapa, watu wanne watasimulia sawasawa? Wakisimulia sawasawa, jua wamepangwa."

"Mambo ya kuambiwa siwezi, mathe."

Kiarie, aliyeambiwa pale steji kwamba atakaa mbele, hapo alimuunga dereva mkono.

Mara lori lililokuwa likipanda mlima likawamulikia taa mara mbili. Kimaiyo akafunga breki, Kiarie akabusu mgongo wa kiti cha nyuma.

"Polisi wako hapo chini! Boss wa buti, shuka, tembea upite hiyo kona, nitakungojea mbele. Wengine fungeni mishipi!"

Mama akavuta mshipi wake polepole. "Hao polisi umewaona?"

"Sijawaona. Ni huyo wa lori amewaona."

"Unamjua?"

"Hata uso sijaona. Lakini mathe, mtu hawezi kudanganya na kitu kama hiyo!"

Kiarie akashuka kwenye manyunyu, akiwa tayari ameanza kuteseka kwa ajili ya ushuhuda wa mtu asiyemjua. Alipokuwa akifunga buti, alimsikia mama.

"Mimi nilihitaji mashahidi wanne, kijana wangu. Wewe umeokoka na taa za lori."