Nzilani Kitheka, Mlezi wa Viwavi, na Gemu Aliyoitunga

Ndugu na jamaa, majirani wa Mivuni, nanyi mliotoka Makueni asubuhi na mapema, anayesoma wasifu huu ni Kiema, kaka yake marehemu, na ndiye aliyeuandika. Kamati ilimpa ukurasa mmoja. Ameupita, mtamvumilia. Wengi hapa mlimjua marehemu kwa jina la Nzilani wa Viwavi, na mnajua ni nani aliyempa jina hilo.

Nzilani alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Nzau na Mama Kalunde, ambaye ameketi pale mbele. Alizaliwa njiani, mama yake akitoka kuchota maji mtoni, ndiyo maana akaitwa Nzilani. Ndoo ilifika nyumbani imejaa. Mama husimulia hiyo habari ya ndoo kuliko habari ya uchungu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1981 hadi 1988. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa hesabu alimwomba rula, na alipofungua mkebe wake wakaruka panzi kumi na mmoja. Mwalimu akamuuliza anawafanyia nini. Nzilani akasema anataka kujua ni nani atakayeota mabawa kwanza. Akaamriwa awakamate wote awatupe nje, na inasemekana alikamata kumi na wawili. Alimaliza sekondari mjini Kitui mwaka 1992, akasomea cheti cha kilimo, akahitimu 1995.

Januari 1996 aliajiriwa katika kituo kidogo cha kulea wadudu karibu na Kiboko, ambacho siku hizi kimefungwa. Watu wengi hawakuelewa kazi hiyo, na kaka yake alikuwa wa kwanza kutoielewa. Huwezi kujua ni mahindi gani yatamshinda kiwavi kama huna kiwavi wa kuyajaribia, kwa hivyo mtu fulani lazima awalee. Nzilani aliwalea miaka ishirini na sita. Kila kiwavi alikaa kwenye kikombe chake, kwa sababu wakiwekwa pamoja hulana. Asubuhi alikuwa na vikombe elfu tatu vya kukagua, na alivikagua vyote.

Hapo kazini ndipo alipokutana na Kitheka, aliyekuwa akileta maji kwa trekta. Siku moja Kitheka alikuta bakuli mezani, akadhani amewekewa chakula cha mchana, akala akamaliza. Kilikuwa chakula cha viwavi, unga wa maharagwe na majani ya mahindi yaliyosagwa, umetiwa hamira. Nzilani alipoingia, Kitheka akamwambia, "Ni kizuri, lakini umesahau chumvi." Walifunga ndoa kanisani tarehe 4 Desemba 1999. Hawakujaliwa mtoto, na Wayua, binti wa Kiema, alikua akiwa nusu wa Mivuni na nusu wa Kiboko.

Mwaka 2017 ndio uliomharibia maisha. Viwavi jeshi wa kigeni walikuwa wameshaingia nchini, na mwezi wa Septemba kituo kililetewa wachache wa kuchunguzwa. Nzilani ndiye aliyepewa kuwalea. Alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi, na kwa kuwa maji ya Kiboko yalikuwa ya mgao, alikuja na koti lake la kazi alifue hapa. Jumamosi tarehe 28 Oktoba alifika asubuhi, akalitundika koti kwenye ua wa shamba la mama yake, akalifua jioni. Koti lilikaa pale mchana kutwa.

Kufika Desemba hakukuwa na mahindi Mivuni. Ukisimama kimya shambani ungewasikia wakitafuna. Jumanne tarehe 5 Desemba chifu aliita baraza, na watu wakauliza wadudu hawa wametoka wapi. Kiema akasimama. Ndiye aliyekuwa mwangalizi wa viwavi wa kijiji, amechaguliwa na kikundi cha wakulima, amepewa nambari ya afisa wa kilimo apige mara tu atakapomwona kiwavi wa kwanza. Akasema, "Tuulize kwetu kwanza. Nzilani huwafuga hao huko kazini, na koti lake lilikuwa kwa ua wa mama." Ndivyo alivyosema, na hatayalainisha maneno hayo leo.

Nzilani hakukana. Angekana vipi? Nondo hutaga hata kwenye kitambaa, na hilo alilijua yeye kuliko baraza zima. Alirudi Kiboko, na tangu siku hiyo kila alipokuja alisimama langoni, akavua viatu akavigonga, akakung'uta mikono ya nguo, ndipo akamsalimu mama yake kwa mbali. Hakukanyaga tena shamba. Alichemsha nguo kabla ya kusafiri. Kitheka anasema alinunua mashuka meupe tupu nyumbani ili aone chochote kinachotambaa, na mara nyingine alinyamaza katikati ya mazungumzo, akauliza, "Unawasikia?" Ilikuwa wakati wa kiangazi, hakuna jani la kutafunwa. Nanyi majirani mlikung'uta leso zenu akipita. Alikuwa anaona.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa, Wayua alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Kwa Vonza, akisomea kompyuta. Alimwambia baba yake anaenda Tseikuru kwa mjomba. Alienda Kiboko. Shangazi yake akamwekea chai, akamletea madaftari manne yaliyojaa, akamuuliza, "Wayua, kompyuta inaweza kuhesabu viwavi?"

"Inaweza, anti. Ukiiambia vile wanazaliwa na vile wanakufa."

"Basi nifundishe kuiambia."

Mama wa miaka arobaini na sita, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe, akaanza kuandika gemu. Alikaa na laptopu kuukuu ya Wayua, akiandika mstari mmoja mmoja kwa vidole viwili. Akisahau alama moja ya kufunga, skrini yote inakuwa nyeupe, na yeye anaanza kuitafuta kama anavyotafuta kiwavi aliyetoroka kikombeni. Ilikuwa gemu nyepesi. Hupakui kitu, unaifungua kwenye kivinjari cha simu na inacheza. Una vikombe na nondo wachache, na kila zamu ni siku mbili. Unaamua: uwalishe, uwapunguzie joto, uwatie nyigu wanaowaua, au uoshe koti. Ukilea vizuri unapata alama. Wakikutoroka wanaingia mashambani, miraba thelathini na sita yenye rangi ya kijani, na unaitazama miraba ikigeuka kahawia mmoja baada ya mwingine. Aliiita Vikombe.

Mara ya kwanza ilipokubali kwenda, wadudu walijaa skrini nzima katika zamu ya nne, wakaendelea kuongezeka. Nzilani akasukuma kiti, akatoka nje, na hakuigusa laptopu siku mbili. Wayua alipoangalia akakuta kosa.

"Anti, umeandika kuzaliwa pekee. Hakuna mahali wanakufa."

Nzilani akamjibu, "Ndivyo nawaonaga."

Gemu ilitoka Februari 2021. Wanafunzi wa mji wa Wote waliicheza, na wa Mwingi, na watu wa mbali ambao Wayua hajui walikotoka. Wengi walilalamika kwamba hakuna dawa ya kupuliza. Mmoja aliandika akiuliza hii ya kuosha koti ni ya nini, maana ukiiruka mara nyingi hakuna kinachotokea. Nzilani alimjibu kwa maneno mawili: "Osha tu." Hapa nyumbani Wayua alimwonyesha baba yake gemu hiyo siku moja wakila. Baba yake aliona mraba wa katikati umeandikwa Kwa Mama, akamwambia azime hicho kitu.

Wasichojua wachezaji ni kwamba Nzilani hakuitunga ili ichezwe. Alikuwa na toleo lake mwenyewe. Ndani yake hakuna vikombe wala alama. Kuna Mivuni, mashamba yetu thelathini na sita kwa majina yenu, joto na mvua ya mwisho wa 2017 kama alivyozipata, na tarehe 28 Oktoba koti moja uani likiwa na fungu moja la mayai. Analiacha lijiendeshe hadi Desemba, anaona ni mashamba mangapi yameliwa, anaandika, anaanza upya. Alikuwa anataka kujua kama ni yeye. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia, basi akatengeneza kitu cha kuulizia.

Mwaka 2022 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi. Madaktari walisema ni vumbi la mabawa ya nondo alilolivuta miaka mingi, limekaa kifuani. Aliacha kazi mwezi wa Juni mwaka huo. Jumapili tarehe 13 Agosti 2023 alikuja Mivuni, akapumzika mara mbili kati ya barabara na lango, akagonga viatu vyake, akaomba aitiwe kaka yake. Miaka karibu sita walikuwa hawajazungumza. Hakuja kugombana. Alimuuliza neno moja.

"Kiema, kabla ya ile Jumamosi ya koti, uliona kiwavi yeyote hapa? Hata mmoja?"

Kiema akamwambia, "Sikuona."

"Haya," akasema. "Asante." Akageuka akaenda zake polepole, na kaka yake akabaki ameshika lango.

Nzilani alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kiboko, akiwa amekaa kitini. Kitheka alikuwa jikoni. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Kiema alipokwenda kuuchukua mwili, Kitheka alimpa daftari la marehemu. Ndani kuna mistari elfu mbili mia tatu na sita, kila mstari ni jaribio moja la lile toleo lake, na tarehe yake. Karibu mara zote mayai ya koti yanakufa, au yanakula shamba moja mawili na kuishia hapo. Mara arobaini na moja yalimaliza kijiji. Hizo arobaini na moja amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na ndizo alizokuwa akiishi nazo. Katika ukurasa mmoja alijaribu jambo lingine: vipi kama viwavi walikuwa wameshafika Mivuni kabla ya koti? Alijaribu mara tatu. Mara zote tatu kijiji kiliisha, koti liwepo lisiwepo. Chini yake ameandika, "Nimeacha hii. Kiema anasema hakuona."

Kiema aliona. Jumatano tarehe 18 Oktoba 2017, siku kumi kabla ya koti, katika mahindi yake ya kumwagilia kule mtoni, aliona majani yametobolewa na uchafu kama unga wa msumeno katikati ya shina. Alipasua mmea akamkuta kiwavi. Alikuwa na nambari ya afisa mfukoni na hakupiga. Aliona haya kwamba mwangalizi wa viwavi ndiye ameanza kuwa nao, akaona afadhali ayamalize kimya kimya. Aling'oa mistari miwili akawapa mbuzi. Wiki mbili baadaye nondo waliondoka mtoni wakapanda kwenye mashamba yenu, na yeye akasimama barazani akamtaja dada yake. Mashamba yenu, na la mama, yaliliwa na viwavi wa Kiema.

Kamati iliusoma wasifu huu jana ikamwomba aondoe sehemu hiyo, ati si siku yake. Hakuondoa. Asubuhi ya leo, jeneza likipita, mama mmoja miongoni mwenu alikung'uta leso yake. Hatamtaja. Kiema ndiye aliyemfundisha.

Jana jioni Kiema alimweleza Mama Kalunde habari yote. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na yeye ulimwambia?" Kiema akasema hapana. Tangu hapo mama hajamsemesha.

Marehemu ameacha mume wake, Kitheka. Mama yake, Kalunde. Wayua, aliyekuwa mtoto wake kwa kila kitu isipokuwa tumbo, na ambaye anasema gemu itabaki wazi kwa yeyote. Jamaa na marafiki wa Kitui na Makueni. Na kaka mmoja.

Nzilani apumzike kwa amani ambayo kaka yake alikaa nayo kinywani miaka saba na miezi minane, asimpe.