Kifo cha Donatus Ambacho Mkewe Hakukiamini

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani, na nyote mliofika hapa Ushirombo kumsindikiza kaka yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Clemens, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na yale mnayonong'ona tangu juzi.

Donatus Lufungulo alizaliwa hapa hapa Ushirombo tarehe 3 Machi 1972, akabatizwa na kumaliza shule ya msingi hapa mwaka 1987, kisha akaenda Kishapu kufanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kilipofungwa akahamia Kambarage, Shinyanga mjini, akajifunza ufundi wa makochi, na wengi wenu mmeyakalia makochi yake. Mwaka 1999 alifunga ndoa na Agatha, wakajaliwa watoto wawili, Noela na Vumilia.

Ni Kambarage alikokutana na Paschal na Eliya, watu wa makamo kama yeye, na mwaka 2018 watatu hao walicheza filamu ya "Wazee wa Vitambi", ambayo Baba Paroko hajaiona, na kama ameiona hatutamuuliza, kwani ilikuwa ya suruali kudondoka, kujamba mbele ya wakwe, na maneno nisiyoweza kuyatamka mbele ya jeneza, lakini ilichekesha watu kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi mashimo ya dhahabu Geita.

Mwaka huu walianza sehemu ya pili, machimboni Katoro, na humo Donatus alikuwa mzee anayejifanya amekufa ili awakimbie wake zake watatu. Wiki moja kabla ya msiba walimpigia Agatha simu, wakamwambia mumewe amefariki, eti wajue mke wa kweli hulia vipi, naye akalia mpaka majirani wakajaa uani, ndipo akasikia vicheko, cha Donatus kikiwa juu ya vyote.

Kwa hiyo tarehe 14 Agosti 2025, Eliya alipopiga tena na kusema, "Shemeji, Donatus ametutoka," Agatha alimjibu, "Mwambie akimaliza kuigiza apige mwenyewe," akakata simu, akaendelea kupika. Hata mimi nilipopigiwa nilimuuliza Eliya kamera iko wapi.

Kesho yake gari lilipoleta jeneza, Agatha alisimama getini, macho makavu, akasema, "Fungueni." Likafunguliwa. Akamgusa shavu, akambana pua kama alivyozoea kumfanyia akijisingizia usingizi, akasubiri, na sisi sote tukasubiri naye. Ndipo akakaa chini.

Tangu hapo shaka yetu ilihamia kwa wenzake. Marehemu alikuwa na presha tangu mwaka 2021, wao walijua, sasa kwa nini alifikishwa hospitali akiwa amechelewa hivyo? Wajomba waliwaita, Eliya akatazama chini, Paschal akasema, "Alianguka pale pale alipotakiwa kuanguka. Tulidhani anaigiza. Tulicheka, tukamwambia arudie."

Daktari alitueleza kwamba moyo ulisimama ghafla, na kwamba hawezi kusema kama kuwahi kungemwokoa. Agatha alitaka picha za video za siku ile zifutwe, Eliya akazifuta mbele yetu, na tumeambiwa hakuna nakala nyingine. Tumeambiwa. Familia imeyapokea maelezo hayo, ila sitasema hapa kwamba sote tumeridhika, na ninaomba simu zote zikae mifukoni hadi tutakapotoka makaburini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani wa Kambarage waliolala nje pamoja na Agatha, mafundi makochi wenzake walioshona kitambaa cha ndani ya jeneza hili, jumuiya ndogondogo, na Baba Paroko.

Tulibishana kama Paschal na Eliya wawemo katika shukrani hizi, na Agatha ndiye aliyeamua. Amesema wabebe jeneza, wawe mbele kabisa, mahali anapoweza kuwaona.

Kaka Donatus, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.