Muuguzi Araba na Vijiti Viwili

Muuguzi Araba Quansah anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika zahanati ya bandari yetu. Mhariri wa jarida hili amenipa mimi, Ekow Biney, kazi ya kumsifu. Sijui alikosa mtu mwingine. Mama huyu ndiye aliyeniteremsha kwenye kreni.

Kila dereva wa kreni anakijua kisanduku chake cha kupimia macho kila mwaka: vijiti viwili vimesimama ndani, nawe umeketi mbali, unavuta kamba mpaka vijiti vilingane. Maelezo yake hayakubadilika hata siku moja: kila jicho lina picha yake, na ubongo ukizilinganisha ndipo unajua kipi kiko karibu na kipi mbali. Jicho moja likilegea, unabaki kubahatisha. Foleni hata ifike getini, saa tano kamili yeye anakula kenkey, donge lake la unga wa mahindi, na samaki wake, tena taratibu.

Mwaka wangu wa kumi na nne kazini niligundua ujanja. Nikitikisa kichwa kidogo, kijiti cha karibu kinaonekana kusogea zaidi. Nikafaulu. Mwaka uliofuata nikakuta kibao cha kuegemeza kidevu kimepigiliwa misumari mezani.

"Ekow, tulia kama unanyolewa," akasema.

Nikafeli. Wenzangu wananilaani kwa kibao hicho mpaka leo.

Nilimshtaki kwa wakubwa. Wakakubali nijaribiwe kwenye kreni yenyewe: nishushe kontena tupu juu ya trela. Kwenye usukani wa lori alikuwa shemeji yangu, Kwamina Essel, mume wa dada yangu. Araba akaenda kumgongea mlango.

"Shuka, baba."

Nilipiga kelele kwenye redio: "Mama, huyo ni shemeji yangu! Unanidhalilisha!"

"Mimi sijapima ushemeji, nimepima macho. Kwamina, shuka!"

Kwamina akashuka akinung'unika. Nami nikashusha kontena kwa hasira, nikiwa na hakika kabisa kwamba liko nyuma ya kichwa cha lori. Likatua juu yake, likakibonyeza mpaka kwenye kiti.

Safari hii nilishuka mwenyewe, bila kuambiwa.

Miaka miwili baadaye dada yangu alijifungua binti siku ya Ijumaa. Wakamwita Araba, jina ambalo kwetu hupewa msichana aliyezaliwa Jumanne. Ukoo mzima unalalamika. Mimi silalamiki.

Mama Araba, umenichosha, na kreni yangu bado naitaka. Kwa shemeji yangu, ahsante. Sote bandarini tunakutakia mapumziko mema nyumbani Elmina.