Mikono ya Nyota Juu ya Tumbo Langu

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu nikiwa na tumbo jepesi na nyumba yenye amani, na vyote viwili nilikaribia kuvikosa. Wengi mnanijua: ni mimi ninayebeba abiria kwa pikipiki kutoka Baraka kwenda Fizi, na siku nyingine Lusenda. Leo sina ushuhuda wa ajali. Nina ushuhuda wa tumbo, na ninaomba bamama mniwie radhi.

Ndugu zangu, kazi ya pikipiki ni kukaa. Unakaa tangu asubuhi, jua linakuchoma, vumbi linakujaa kinywani, na maji hunywi, maana ukinywa utamsimamisha abiria njiani kila mara. Mwili uliponiita kwenda choo, nilijibana mpaka nifike. Nikifika, haja imeshapotea. Polepole choo kikawa kigumu, kisha kikakataa kabisa. Tumbo likavimba kama ngoma. Nikila ugali kidogo na samaki wadogo wa ndagala, nahisi nimemeza mawe. Nikaacha kazi, nikalala kwenye mkeka.

Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani. Mke wangu Nyota ni mzaliwa wa Ubwari, kule ng'ambo ya ghuba. Tulikuwa tumekaa miaka bila mtoto, na mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Siku moja Mama aliketi karibu yangu akasema, huku Nyota akisikia pale nje penye moto:

"Mwanangu, hii haiko ugonjwa ya bure. Ule mwanamuke amekulisha sumu."

Tangu hapo akanikataza chakula cha Nyota. Alinipikia mwenyewe, na sahani yangu akaificha chini ya kitanda chake. Kisha akatangaza kwamba siku ya soko, mtumbwi wa Ubwari ukiondoka, Nyota aondoke nao, arudi kwao. Nilimwona Nyota akikunja vitenge vyake kimoja kimoja, machozi yakidondoka juu yavyo. Ndugu zangu, maumivu ya tumbo nilikuwa nimeyazoea. Yale sikuweza kuyabeba!

Niliomba kwa maneno machache: "Bwana, nitoe humu." Nikapata nguvu ya kusema na Mama: "Tuende kwanza ku hospitali. Muganga akisema ni sumu, tutazungumuza." Mama akakubali, maana alikuwa na hakika. Tukaenda sote watatu.

Muuguzi, mwanamke mtulivu, aliniuliza mengi, akanilaza, akaligusagusa tumbo.

"Sumu iko?" Mama akauliza.

"Mama, sioni alama ya sumu, na matumbo haijafungana. Inatembea polepole sana. Huyu hanywake mayi, na anashinda amekaa."

Kisha akatuonyesha jinsi ya kukanda tumbo. Aliniambia nikunje magoti, nilegee. Akapaka mafuta kiganjani, akaanza chini upande wangu wa kulia, akapanda taratibu hadi karibu na mbavu, akavuka juu ya kitovu, akashuka upande wa kushoto.

"Hii ndiyo njia ya chakula," alisema. "Munaisaidia tu kutembea. Lakini asiwe ametoka kula. Na maumivu ikikuwa kali, ao akitapika, ao homa, ao damu ku choo, musikande. Mumulete mbio."

Akaniagiza maji mengi, papai, mboga ya lengalenga, kutembea kwa miguu, na kutojizuia tena.

Nyumbani Mama akadai kazi hiyo ni yake. Bado alitaka kuitoa ile sumu kwa nguvu! Akanikamua kama nguo ya kufua, nikapiga kelele. Nyota akasogea.

"Mama, muganga hakufanya vile. Munipe nafasi nijaribu."

"Umuache ajaribu, Mama," nikasema.

Mama akainuka, lakini hakutoka chumbani. Aliketi kuichunga mikono ya Nyota.

Nyota akapasha mafuta ya mawese kidogo, akapiga magoti. Fikirini, ndugu zangu: mwanamke ameitwa muuaji, na anayemshtaki ameketi hapo hapo akimtazama. Alikanda taratibu, midomo ikisogea kwa maombi. Siku hiyo tumbo liliunguruma tu. Kesho yake vile vile. Mama akaanza kuguna. Nyota hakuacha. Asubuhi na jioni alinikanda, akanipa maji, akanishika mkono tukatembea hadi ziwani na kurudi. Siku ya soko ikafika, mtumbwi ukaondoka, na yeye yupo magotini pembeni yangu.

Asubuhi moja niliinuka ghafla, nikakimbilia choo. Musicheke! Nilimwimbia Mungu mle ndani, na majirani walinisikia! Nilipotoka, Nyota alikuwa uani analia, na Mama amesimama nyuma yake.

Nimewaza sana tangu pale. Mungu angeweza kunigusa na kuniponya mara moja. Tumbo lingepona, lakini Nyota angebaki na jina la mlisha sumu. Mungu akachagua kupitia mikono ya Nyota, polepole, Mama akitazama.

Baadaye, jioni moja, nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama amelala kwenye mkeka, magoti ameyakunja. "Nyota," alikuwa anasema, "na mi tumbo yangu inanisumbua. Unikande, mwanangu." Mwanangu! Hakuwahi kumwita hivyo. Nyota akaenda kuleta mafuta.

Namshukuru Mungu wangu, aliyeyaumba hata matumbo na kuyajua mapito yake. Wewe unayeteseka kimya kwa aibu, nenda upimwe, usione haya. Na wewe uliyesingiziwa, mtumaini Bwana, maana anakijua kilichokuwa ndani ya sufuria yako. Nyota, Mama, simameni hapo kwenye benchi mlipokaa pamoja, kanisa liwaone, tumpe Bwana sifa. Amina!