Shangazi Mafuta na Watoto wa Kobe

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Shangazi Mafuta anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike kwa kuwa nimemshikia ngazi ya kupandia viotani miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Naandika nikiwa nimechoka, naye amechoka kuliko mimi.

Aliajiriwa kuhesabu kobe katika hifadhi yetu ya jangwani. Mwaka wa kwanza alikuta wazee watupu. Watoto, ambao gamba lao huchukua miaka kukomaa, walikuwa wakimalizwa na kunguru. Alilalamika kwa mkuu wa hifadhi asubuhi, na mchana akahamishiwa kitengo cha kunguru. Ndiyo malipo ya kusema sana kazini.

Kitengo kilianza kwa kuvunja mayai ya kunguru viotani. Kunguru wakataga mengine. Ndipo Shangazi akashika njia ya kuyapaka mafuta ya kupikia: yai halianguliwi, mama hagundui, anaatamia mpaka msimu unapita. Jina alilipatia hapo. Kunguru nao wakamkariri sura; alipobadili kofia, walimzomea kwa mwendo wake. Tena ndiye aliyegundua kwamba waliokuwa wakiwanenepesha ni sisi wenyewe, kwa makombo ya jikoni mwa ofisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alilitia pipa la taka kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na mpishi akamnunia miezi miwili.

Kazi hii hakuipenda. Ni mama wa watoto wanne, na kumwona ndege akilalia mayai asiyojua yamekufa kulimtia simanzi. Alikuwa akishuka ngazi, anajifuta mafuta mikononi, tunarudi garini. Mara tatu aliandika barua ya kuomba uhamisho, na mara tatu aliichana mwenyewe, kwa sababu kobe wadogo walikuwa bado hawaonekani.

Mwezi uliopita tulifanya hesabu yake ya mwisho. Tulipata kobe wadogo kumi na wanne, wenye gamba lisilobonyea kwa kidole. Shangazi aliketi mchangani, akavua viatu, akalia mbele yetu sote. Kisha akafuta uso na kutuamuru tuhesabu upya, maana hatuaminiki.

Walikuwa kumi na wanne.

Asante, Shangazi. Nafasi yako bado haijapata mtu, na kesho kuna viota tisa vinatungoja. Usituulize ni wapi. Lala mpaka jua likuamshe, na Mungu akujalie uzee mrefu wenye afya na wajukuu wasumbufu.